Tumbo Kujaa Upepo: Habari za Maharagwe, Magadi na Dawa za Miti katika Nchi ya Meru

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wanavijiji katika uwanja wa shule moja mteremkoni mwa Mlima Meru. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Kabla hatujaanza, twawaomba mtazame upande ule wa jiko. Pana sufuria mbili motoni. Zote mbili zina maharagwe ya aina moja, yaliyonunuliwa kwa mchuuzi mmoja katika soko la Tengeru, kilo moja katika kila sufuria. Yaliyo kulia yalilowekwa majini tangu jana jioni, na leo asubuhi maji yale yakamwagwa. Yaliyo kushoto yametiwa motoni makavu, kama yalivyotoka guniani. Zote mbili zimeinjikwa kwa wakati mmoja. Mama aliyekubali kutupikia ametukataza kufunua vifuniko mpaka aseme yeye, nasi tumetii. Tutarudi kwake baadaye.

Tumeombwa kusema habari ya tumbo kujaa upepo. Watu wa pwani tangu zamani waliiita riahi, na watu wa mjini Arusha siku hizi waiita gesi. Huenda wengine wenu mkaona kwamba si jambo la kuitiwa mkutano, bali la kuchekea tu. Sisi nasi tulicheka tulipoombwa. Lakini mtu akiulizwa faraghani husema maneno mengine: kwamba usiku halali, kwamba mshipi haufungiki baada ya chakula cha jioni, kwamba ameacha kula maharagwe kabisa ingawa hana fedha ya nyama, na kwamba kila juma hununua kichupa au kifurushi cha unga kwa mtu apitaye sokoni, asijue ndani yake mna nini. Hapo kicheko hukoma.

Basi kwanza tujue upepo huu watoka wapi. Ninyi wafugaji mtatuelewa upesi. Kila mmoja wenu amekwisha kuona ng'ombe aliyeingia mwanzoni mwa mvua katika majani mabichi ya jamii ya kunde, yenye umande, akala kwa pupa. Baada ya saa chache ubavu wake wa kushoto hutuna kama ngoma. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kama pipa la kuchachushia pombe. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wamo humo, nao huyachachusha majani na kutoa hewa. Hewa hiyo ikikosa njia, mnyama yu katika hatari.

Binadamu naye analo pipa lake, ila li mwishoni, wala si mwanzoni. Ni utumbo mpana. Chakula kingi huvunjwa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba kabla hakijafika huko. Lakini ziko sukari fulani ndani ya maharagwe, kunde, choroko na kabichi, ambazo wataalamu waziita rafinosi na stakiosi, na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hupita nzima mpaka utumbo mpana, na wale wadudu wadogo waliomo humo huzipokea kwa furaha. Wakila, hutoa hewa. Hivyo kujaa upepo baada ya kula maharagwe si uchawi, wala si jicho la jirani, wala si dalili kwamba maharagwe ni chakula kibaya. Mtu mzima mwenye afya hutoa upepo mara kumi hata ishirini kwa siku, na asemaye kwamba yeye hatoi asisadikiwe.

Ndizi mbichi za kupika, ambazo ndizo chakula chetu, nazo zina wanga wa namna ngumu ambao sehemu yake hufika utumbo mpana bila kuvunjwa. Na chakula chenye wanga kikipikwa kisha kikalala hata kikapoa, wanga huo huzidi. Kwa hiyo mtu aonaye kwamba kiporo cha makande humtesa kuliko makande ya jana yaliyokuwa moto hasemi uongo.

Sasa tuje kwenye neno lililotuleta hapa, yaani nchi yetu yenyewe. Mji wa Arusha uko kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari, na vijiji vyenu viko juu zaidi. Maji ya kuchemka si sawa kila mahali. Huko Dar es Salaam yachemka kwa joto la nyuzi 100. Hapa Arusha yachemka kadiri ya nyuzi 95, na kwa wale wakaao juu, kuelekea msituni, hupungua tena. Maji yaweza kutokota kwa kelele nyingi mbele ya mpishi, na huku joto lake ni dogo kuliko la maji ya pwani. Ndiyo sababu mgeni atokaye Tanga hushangaa kuona maharagwe yake yamekaa motoni tangu adhuhuri na bado yana mfupa ndani. Na yakiwa maharagwe ya zamani, yaliyokaa ghalani katika joto na unyevu, huwa magumu mara mbili, hata kama mbegu yake ni nzuri kama zile za Selian 94 au Lyamungu 90 ambazo wengi wenu mmezipanda.

Basi mpishi afanye nini, na kuni ni ghali, na watoto wanalia njaa? Wako watoao sufuria kabla maharagwe hayajaiva sawasawa. Hilo lina hatari yake, kwa kuwa maharagwe mekundu hasa yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa sana. Yaliyoiva nusu huleta kutapika na kuhara, wala si upepo peke yake. Na wengi zaidi hutia magadi.

Twajua kwamba tukigusa magadi twagusa jikoni mwa kila nyumba iliyopo hapa. Wala hatukuja kuwatukana mama zetu waliotulea kwa makande ya magadi. Magadi hulainisha ganda la haragwe na kupunguza saa za moto. Hilo ni kweli. Lakini yana mambo mawili mabaya. La kwanza ni dogo: huharibu vitamini moja iliyomo katika maharagwe, ile iitwayo B1. La pili ni kubwa kwa watu wa Meru kuliko kwa watu wengine. Mlima wetu ulikuwa mlima wa moto, na maji yatokayo katika miamba yake yana madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Nayo mito na chemchemi kadhaa za mlima huu hupita mpaka huo mara nyingi. Meno ya rangi ya kahawia ambayo watu wa mbali hututambua kwayo, na miguu ya watoto wengine iliyopinda, ni kazi ya floraidi. Serikali ilijenga kituo huko Ngurdoto cha kutafuta njia ya kuiondoa majini, na chujio lililofanyiwa kazi huko ni la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Sasa angalieni: magadi yatokayo katika maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron, nayo yana floraidi. Mtu atafutaye maji safi ya kumwokoa mtoto wake, kisha akatia kijiko cha magadi katika sufuria ya mtoto yuleyule, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Wala kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, yabakiyo ndiyo huzidi kuwa nayo.

Tena wako walambao magadi, au wanywao unga wa magadi wa dukani, ili kutuliza tumbo lililojaa. Hupiga mbweu mbili tatu, wakasema dawa imefanya kazi. Mbweu ile ni hewa iliyotokana na magadi yenyewe yalipokutana na asidi ya tumbo. Wamenunua upepo ili wautoe.

Dawa ya haya yote ni ile mliyoiona katika sufuria ya kulia. Chambueni maharagwe, yaosheni, yatieni katika maji mengi, mara tatu ya kiasi chake, yalale humo usiku mzima. Asubuhi mwageni maji yale, msiyapikie. Tieni maji mapya. Yakisha kuchemka kwa nguvu kwa muda wa nusu saa, mwaweza kuyamwaga tena na kutia mengine, ikiwa mnao walaji wenye matumbo mepesi kama wazee na wagonjwa. Sehemu ya zile sukari zisizovunjika huyeyuka katika maji yaliyomwagwa, ganda hulainika lenyewe, na haja ya magadi huondoka. Tumesikia wakisema kwamba kumwaga maji ni kumwaga nguvu ya chakula. Kidogo hupotea, hatukatai. Lakini ile ijengayo mwili, yaani protini, nyingi hubaki ndani ya haragwe. Na haragwe lililoachwa kuliwa kwa kuogopa upepo halina nguvu yoyote kwa mtu.

Aliyeacha maharagwe muda mrefu asirudi kwa sahani iliyojaa. Aanze kwa vijiko vichache, siku hata siku, aongeze polepole katika majuma mawili matatu. Tumbo hujifunza. Tena ale taratibu; alaye kwa haraka huku akizungumza humeza hewa pamoja na tonge, na anywaye soda juu ya chakula huongeza hewa nyingine kwa fedha zake mwenyewe.

Habari ya maziwa ni fupi, kwa sababu hapa wazee walitutangulia. Sukari ya maziwa, lakitosi, huwasumbua watu wazima wengi ulimwenguni, kwa kuwa mwili wao huacha kutengeneza kimeng'enya chake baada ya utoto. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza kwamba watu wengi wa jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko katika asili yao ya kuzaliwa liwawezeshalo kunywa maziwa utu uzima wote, na kwamba badiliko hilo lilitokea huku kwetu peke yake, mbali na lile la watu wa Ulaya. Lakini si kila mtu wa Arusha amelirithi. Asiyelirithi asinywe maziwa mabichi kwa ushindani. Ale maziwa ya mgando, ambayo sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na wadudu wa kuchachusha. Bibi zetu waliotengeneza loshoro kwa mahindi na maziwa ya mgando, na kuvifukiza vibuyu kwa kijinga cha mti wa oloirien, hawakusoma vitabu vya wataalamu, lakini watu wengi walikula bila kujaa.

Sasa dawa za miti. Twajua kwamba wengi wenu mmekuja kwa ajili ya hili, na labda mlitaka tuanze nalo. Tumelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu majani hayawezi kushinda sufuria iliyopikwa vibaya.

Tangawizi yafaa. Husaidia tumbo kutoa chakula chake kwa upesi, na hutuliza kichefuchefu. Kipande kama kidole gumba kipondwe, kichemshwe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, kinywewe baada ya chakula, bila sukari nyingi. Mwenye kiungulia asizidishe, na atumiaye dawa za hospitali za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza. Mnanaa, ambao wengi mmeupanda karibu na bomba la maji, nao wafaa; mafuta yaliyomo ndani yake hulegeza misuli ya utumbo iliyokaza. Lakini hulegeza pia ule mlango ulio juu ya tumbo, na kwa hiyo mwenye kiungulia huzidi kuungua. Shamari, iliki na bizari nyembamba zimetiwa katika vyakula vya pwani na vya Wahindi tangu zamani kwa ajili ya tumbo, nazo hazina madhara zikitumiwa kwa kadiri ya mapishi. Mchaichai ni mzuri kwa harufu. Faida yake kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba humfanya mtu aketi kitako, anywe maji ya moto taratibu, na aache kugombana na watu wa nyumbani kwa robo saa.

Kitunguu saumu ni habari nyingine. Watu wengi hutafuna punje mbichi ili kuondoa upepo. Nacho kina sukari za namna ileile isiyovunjika, na wengine hujaa zaidi kwa sababu yake. Ajaribu mtu kukiacha kwa juma moja, aone.

Gome la olkiloriti, ambalo Wamaasai na Waarusha hulichemsha katika supu ya nyama, lina uchungu na ukakasi, na wazee hulisifu kwa kuyeyusha mafuta mazito. Hatuna ugomvi na kikombe kimoja cha supu ile siku ya sherehe. Ugomvi wetu ni na mtu achemshaye gunia la magome, akanywa mchana na usiku kwa miezi. Na shubiri tunaikataza kabisa kwa jambo hili. Ni dawa kali ya kuharisha. Huleta msokoto wa tumbo, na mwanamke mwenye mimba asiiguse. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe dawa yoyote ya miti, hata ikiwa tone moja la tangawizi. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake.

Mnakumbuka mwaka 2011, watu walipokwenda kwa maelfu mpaka Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Magari yalipanga msururu wa kilomita nyingi. Baadhi ya wagonjwa walifia njiani na katika foleni, na wengine waliacha dawa zao za hospitali. Mchungaji mwenyewe amekwisha kufariki, mwaka 2021, wala hatumsemi kwa ubaya. Twalitaja jambo hili kwa kuwa desturi ile ingali nyumbani mwetu kwa namna ndogo: mtu hupewa kikombe, na kikombe kikimpa faraja ya saa moja, huacha kuuliza ana ugonjwa gani.

Sisi wenyewe tumefanya hivyo. Tulikuwa na jirani, mzee mwenye nguvu, mkulima wa kahawa, ambaye jioni moja alishikwa na tumbo. Lilijaa, likawa gumu. Tukasema ni upepo, kwa sababu alikuwa amekula makande mengi. Tukampelekea chai ya tangawizi, na jirani mwingine akaleta majani yake, na watatu akaleta magadi. Siku ya pili hakwenda haja, wala hakutoa upepo hata kidogo, naye akatapika. Tukasema dawa inasafisha. Siku ya tatu mtoto wake akaja kutoka mjini, hakutusikiliza, akamchukua kwa gari mpaka hospitali. Utumbo ulikuwa umejikunja kama kamba iliyosokotwa, na sehemu yake imekwisha kuoza. Wakaikata. Mzee yu hai, lakini alikonda hata hatukumjua, na shamba lake msimu ule lilichumwa na watu wengine. Daktari alituambia kwamba utumbo kujikunja hivi huonekana sana katika Afrika Mashariki, hasa kwa wanaume, na akatuuliza kwa nini tulingoja siku tatu. Hatukuwa na jibu. Tangawizi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, tuliomsikia akisema kwamba hatoi upepo, tukaendelea kuchemsha maji.

Kwa hiyo ninyi washili na malaigwanani, ambao watu huja kwenu kwanza, na ninyi walimu ambao watoto huwaambia mambo ya nyumbani, twaomba mlishike neno hili. Tumbo lililojaa na mtu bado atoa upepo na kwenda choo, laweza kungoja chai. Tumbo lililojaa, na mtu hatoi upepo wala haendi choo, au atapika, au ana maumivu makali, lisingoje hata saa moja. Apelekwe Nkoaranga, au Selian, au Mount Meru, popote palipo karibu. Vilevile ajaaye huku akikonda, au mwenye damu katika choo, au mwenye macho ya manjano, au mwenye homa. Mwanamke aliyepita miaka 50, ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku, na lilikuwa halijai hapo kwanza, apimwe. Maradhi ya kifuko cha mayai ya uzazi huanza kimyakimya kwa dalili hiyohiyo. Na mtoto mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba, au mwenye uso uliovimba na nywele zilizofifia rangi, hana upepo. Ana minyoo au ana upungufu wa chakula, au vyote viwili, na amchekaye kwamba ameshiba sana afundishwe.

Mama ametupungia mkono. Asema sufuria ya kulia imeiva tangu tulipokuwa katika habari ya maziwa, naye ameiepua. Ya kushoto yataka kuni nyingine, na ukiminya haragwe kwa vidole lagoma. Hakutia magadi katika yoyote. Sahani ziko mezani karibu na mlango, na chumvi na vitunguu vimo. Wazee na watangulie. Atakaye kungoja ile ya kushoto aketi, ila twamwambia mapema kwamba jua litatua.